Ya baridi au ya moto? Mvinyo wa Dodoma, Safari na wiski

Mvinyo mwekundu wa Dodoma unasingiziwa. Watu wanasema unachoma koo, unapanda kichwani, hauna ladha ya tunda. Mimi nasema kinachouharibu ni joto tunalounywea.

Kwenye baa za Dar es Salaam ukiagiza bia, mhudumu lazima akuulize: "Dada, ya baridi au ya moto?" Ukiagiza mvinyo mwekundu haulizi kitu. Anaushusha kutoka kwenye rafu nyuma ya kaunta, ulikoshinda kutwa kwenye joto la nyuzi 30 na zaidi, anamimina. Ameshaambiwa kwamba mvinyo mwekundu haupozwi, unanywewa kwa joto la chumba. Lakini kanuni hiyo imetoka Ulaya, na chumba kilichokusudiwa ni chenye nyuzi 16 hadi 18 hivi. Sebule ya Tabata mwezi wa Februari haijawahi kufika huko.

Nilichofanya ni hiki. Nilifungua Dodoma Wine, ile nyekundu kavu (isiyo tamu), nikamimina glasi moja ikiwa na joto lake la kabatini. Chupa nikairudishia kizibo, nikaiweka kwenye friji nusu saa. Glasi ya kwanza ilinipa harufu ya pombe tupu, ukali puani, na uchachu uliosimama peke yake. Ya pili, kutoka chupa ileile, ilinukia zambarau zilizoiva sana, na nyuma yake ukwaju kwa mbali. Ukinywa, uchachu unatangulia, kisha unakuja ukakasi wa maganda na kokwa za zabibu, unashika ulimi na ufizi. Ladha haikai sana mdomoni, hilo niseme wazi. Anayetafuta mvinyo mzito wa kutafakari jioni nzima ataona huu ni mwepesi.

Ila uweke pembeni ya kitimoto! Mafuta ya nyama yanaulainisha ukakasi, na ukakasi nao unayakata mafuta, kila tonge linakuwa kama la kwanza. Ndizi za kukaanga hazina ugomvi nao, kachumbari yenye ndimu pia inakubali. Pilipili ndiyo uipunguze, maana inaamsha ukali wa pombe na utarudi kulekule kwenye kuchoma koo.

Nina upendeleo, sikatai. Mimi ni mtoto wa Dodoma, na wajomba zangu wanalima zabibu upande wa Mpunguzi. Kule mzabibu unavunwa mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi, halafu tena Agosti hadi Septemba. Wajomba wanaipenda ya Agosti kwa sababu mvua haipo, zabibu hazinywi maji mengi na ukungu hausumbui majani. Ardhi ni kichanga, mwinuko ni mita 1,100 na ushee, usiku wa Juni na Julai unavaa sweta. Mizabibu iliyoanza na mapadri wa misheni ya Bihawana leo inasomesha watoto wa vijiji vingi. Ndiyo maana inaniuma kuona jasho hilo likiharibikia kwenye rafu, hatua chache kutoka kwenye friji iliyojaa soda.

Dompo, mvinyo mwingine wa Dodoma, siizungumzii sana hapa. Ni tamu, ya glasi ndogo baada ya chakula, na isipokuwa baridi sawasawa utamu wake unachosha haraka.

Kwenye bia, kosa letu ni la upande wa pili. Safari Lager ina asilimia 5.5 ya kilevi, ina kimea cha kutosha, halafu tunaidai iwe karibu na kuganda. Ikiwa hivyo nasikia gesi na ubaridi, basi. Nikiiacha mezani dakika kumi inafunguka: mkate uliookwa, sukari iliyoungua kidogo, uchungu mfupi wa hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, mwishoni. Wazee wanaoinywa ya moto wanaisikia kimea yote, nawaheshimu kwa hilo, lakini kwangu povu linakuwa jingi na pombe inazidi. Kilimanjaro, yenye asilimia 4.5, ni nyepesi, hiyo iwe baridi tu, hasa ukiwa ufukweni.

Na mwenye duka anayepanga kreti nje juani namwomba aziingize ndani. Chupa ya kahawia inasaidia kuzuia mwanga usiharibu hopsi, ila haizuii joto, na bia iliyopikwa na jua siku kadhaa ina ladha ya karatasi iliyolowana. Nimeuziwa ya namna hiyo, na hakuna friji inayoweza kuirudisha.

Wiski niliyoonja ni Johnnie Walker Black Label, yenye asilimia 40. Miaka 12 au zaidi imekaa kwenye mapipa, sisi tunaifikisha mezani na kuizamisha kwenye soda nyeusi. Onja kwanza yenyewe. Kuna vanila, zabibu kavu, kisha moshi uleule wa kibuyu cha maziwa kilichofukizwa vizuri. Hii ni mchanganyiko wa wiski nyingi, na moshi huo unatokana na zile za visiwani Uskoti, kama Caol Ila ya Islay, ambazo shayiri yake hukaushwa kwa moto wa udongo wa kinamasi. Barafu inauzima moshi, na joto letu nalo linarusha pombe puani kabla ya harufu nyingine yoyote. Kinachonifaa ni maji ya friji, vijiko viwili kwenye toti moja, bila barafu. Vanila inajitokeza zaidi, ukali unashuka, na moshi unabaki mahali pake.

Barafu yako itunzie Konyagi. Ile ina asilimia 35, na ukiijazia barafu glasi nzima, ukakamulia ndimu na kuongeza soda ya tangawizi, haipotezi kitu.