Waliligandisha daraja la mandolini kwa supaglu

Daraja la mandolini haligandishwi. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonipandisha hasira, na hadi leo haijashuka. Mandolini ni ala ndogo ya nyuzi, na daraja ni kile kipande kinachozibeba nyuzi juu ya ubao wa mbele; kinakaa hapo bila gundi wala skrubu, kikishikiliwa na mkandamizo wa nyuzi peke yake. Seti nyepesi ya nyuzi 8, ile ambayo uzi wake mwembamba kabisa ni 0.010 ya inchi, ikishakazwa inavuta zaidi ya kilo 60 kwa jumla, na sehemu ya nguvu hiyo inalibana daraja chini. Haliendi popote. Linaachwa huru makusudi, ili lisogezwe mpaka sauti zikubaliane.

Mandolini niliyopeleka karakana ni ya zamani, ya kiwandani, ya bei chee. Niliomba mambo matatu: freti, vile vijiti vya chuma vya shingoni ambapo nyuzi hubonyezwa, zisawazishwe, mashine za kukazia nyuzi zitolewe kutu, daraja lipangwe mahali pake. Iliporudi, uzi ukipigwa wazi, bila kubonyezwa, unalia sawa, ukibonyezwa freti ya 12 sauti imepanda zaidi ya theluthi ya nusu-toni, yaani ya hatua ya freti moja. Ala ya namna hiyo hupigi nayo chochote.

Nikachukua rula. Kutoka kile kijiti cha kichwani chenye mifereji ya nyuzi hadi freti ya 12 ni milimita 175. Kutoka hapo hadi daraja inatakiwa iwe hivyo hivyo, na milimita 1 au 2 juu yake, maana uzi ukiubonyeza unakazika kidogo. Wao waliliweka kwenye 168. Nikalisukuma kwa kidole gumba, likagoma. Pembeni mwa miguu yake kulikuwa na mstari mweupe wa supaglu, kama chumvi iliyokaukia juu ya jiwe.

Nilipouliza, fundi alijibu, "Kaka, mandolini yenyewe ya bei chee, ulitaka ilie kama ya nani?" Akarudi kwenye simu yake. Sasa bei inahusiana nini na urefu wa uzi? Milimita zilizopungua zinaharibu sauti ya mandolini ghali vile vile. Nadhani alivua nyuzi zote kwa mpigo, daraja likaanguka, asijue lilikaa wapi. Ndiyo maana nyuzi hubadilishwa mmoja mmoja.

Kwa aliyekutwa na balaa kama hili: achana na asetoni, ile ya kuondolea rangi ya kucha. Itaiyeyusha supaglu, lakini na vanishi nyingi za zamani pia, na tone likikimbia doa halifutiki. Tumia kisu chembamba kisicho na makali, kipashe moto, zungushia daraja kadibodi, kisha kipenyeze chini ya mguu taratibu ukifuata mwelekeo wa nyuzi za mbao. Kikipoa kitoe, kipashe tena. Usibandue kwa nguvu. Ubao huo una unene wa milimita chache tu na gundi inaweza kung'oka na kibanzi cha mbao. Kwangu, mguu wa upande wa nyuzi nene uliachia vizuri. Wa pili ulitoka na vanishi, kipande cha ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho.

Miguu yenyewe haikuwa imekaa sawasawa na ubao. Nadhani gundi ilikuwa ya kuficha hilo. Dawa yake ni msasa namba 120 uliotandazwa juu ya ubao, uso juu, pale pale daraja litakapokaa. Lishike wima, lisugue kwa miendo mifupi, umalizie na namba 220. Mulika kwa nyuma: mwanga ukipenya, bado. Pengo dogo tu linatosha kuifanya sauti iwe nyembamba na ife upesi.

Kulipanga ni kazi ya dakika kumi. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 upate ile sauti ya kengele, kisha ubonyeze hapo hapo ulinganishe. Uliobonyezwa ukiwa juu, daraja lisogee kuelekea mkiani. Ukiwa chini, lirudi kuelekea shingoni. Anza na nyuzi mbili za pembeni kabisa, moja kila upande. Ukishakaza angalia tena, kwa sababu nyuzi huvuta kichwa cha daraja kuelekea shingoni likainama.

Nilikusudia kuwapa nyota moja, lakini nisiwaonee. Freti wamezifanya vizuri mno. Zimesawazishwa, migongo imerudishwa duara, uzi haukwaruzi popote hata ukikaa milimita 1.5 tu juu ya freti ya 12. Gia za mashine zinazunguka laini. Mkono uliofanya kazi hiyo unajua. Basi tuseme tatu.

Hapana, mbili. Mifereji ya kile kijiti cha kichwani hawakuigusa, ipo juu, na freti ya kwanza inapandisha sauti pea zote nne. Ilihitaji tupa nyembamba na makaa kidogo ya penseli ili uzi uteleze. Na lile doa la vanishi iliyobanduka lipo palepale, mbele kidogo ya daraja, mahali ambapo daraja halikupaswa kukaa hata siku moja.