Mashine ya santuri: ipi ununue kwanza, ipi uiache dukani

Kabla ya kuulizia bei, fungua sanduku la santuri ulizonazo. LP za inchi 12 huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika. Zile ndogo za inchi 7, ambazo ndizo zilizobeba benga na rumba nyingi za Nairobi, ni za 45. Nzito zinazovunjika zikianguka ni za 78. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodiwa na His Master's Voice, ndizo zilizotoka. Sehemu kubwa ya muziki huu haimo kwenye simu wala haitaingia karibuni, kwa hiyo mashine nzuri ni ile inayopiga ulichonacho na kukuwezesha kukinakili. La pili ni sindano. Mashine ambayo sindano yake haiuzwi tena ni pambo la sebuleni.

1. Audio-Technica AT-LP120XUSB

Hii inashika nafasi ya kwanza kwa sababu ina kasi zote tatu, mota yake inazungusha sahani moja kwa moja bila mkanda, na ina waya wa USB wa kwenda kwenye kompyuta. Katriji yake (kile kichwa kinachoshika sindano), AT-VM95E, hubadilishwa sindano kwa kuchomoa na kuchomeka. Kwa santuri za 78 nunua sindano ya VMN95SP. Usipige 78 kwa sindano ya LP: mfereji wa 78 ni mpana, sindano nyembamba inazama hadi chini kwenye uchafu, na utakachosikia ni mchakacho tu.

Kuiweka sawa ni kazi ya dakika chache, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Zungusha kizito cha nyuma mpaka mkono uelee bila kupanda wala kushuka. Shika kizito kisisogee, geuza pete ya namba peke yake isome 0, kisha zungusha vyote pamoja hadi 2, yaani gramu 2. Kirekebishi cha kuzuia mkono usivutwe katikati nacho kiweke 2. Wapo wanaopunguza uzito wakidhani wanaihurumia santuri. Sindano nyepesi mno hurukaruka ndani ya mfereji na kuutoboa vibaya kuliko iliyozidi kidogo. Ile ya 78 inataka gramu 5 hivi, na kwa uzito huo nunua kamizani kadogo ka sindano badala ya kuamini namba za pete.

Nyuma kuna swichi ya PHONO (sauti hafifu kama inavyotoka kwenye sindano) na LINE (iliyokwisha kukuzwa). Ukiunganisha kwenye spika zenye amplifaya ndani au kwenye tundu la AUX, weka LINE. Ukiunganisha kwenye tundu la PHONO la amplifaya, weka PHONO. Ukichanganya, sauti itakuwa hafifu kama ya mbu, au itakwaruza kwa kukuzwa mara mbili.

2. Technics SL-1200MK2, ya mtumba

Kwa ubora wa chuma na mota, hii inaipita ya kwanza. Imeshuka nafasi moja kwa sababu haina kasi ya 78, haina USB, inahitaji kikuza sauti cha fono pembeni, na mitumba mingi imechakazwa na madijei. Technics waliacha kuzitengeneza mwaka 2010, wakarudi 2016. MK7 ya 2019 inayo 78, ila bei yake ni ya mashine mpya.

Ukienda kuikagua, usikubali kuonyeshwa sahani ikizunguka tu. Weka kitelezi cha kasi katikati, taa ya kijani iwake, kisha tazama nukta kubwa pembeni mwa sahani kwenye mwanga mwekundu: zisimame tuli, kwa 33 na kwa 45. Shika mkono taratibu karibu na mhimili wake uutikise. Ukicheza, beringi zimekwisha, na hapo ondoka. Sikiliza pande zote mbili huku ukichezea waya wa sauti unaotokea chini. Upande mmoja ukikatika si jambo la kuvunja biashara, fundi wa redio anaubadilisha, ila bei ishuke.

Uliza pia ilitoka wapi. Ya Japani ni ya volti 100. Ukiichomeka kwenye 230 au 240 za huku kwetu umeiunguza. Transfoma ya kushusha umeme inatosha, kwa kuwa mota ya Technics haifuati hezi za ukutani (mizunguko ya umeme kwa sekunde). Mashine nyingi za kale za mkanda hazina bahati hiyo. Iliyotengenezwa kwa hezi 60 za Marekani, ikija kwenye hezi 50 inazunguka pungufu kwa sehemu moja ya sita, na mwimbaji wa kike anasikika kama mwanamume mwenye mafua. Transfoma haiponyi hilo.

3. Rega Planar 1

Kwa mwenye LP tupu na sikio kali. Sauti safi, vitu vichache vya kuharibika. Kwenda 45 unainua sahani na kuhamisha mkanda kwa mkono, jambo linalochosha kwa mwenye rundo la santuri ndogo za upande mmoja dakika tatu. Mwambao, joto hulegeza mkanda. Weka wa akiba.

4. Audio-Technica AT-LP60X

Bei yake ni karibu nusu ya ile ya kwanza, na mkono unajishusha na kujirudisha wenyewe. Uzito haurekebishiki na 78 hakuna. Sindano yake, ATN3600L, ni rahisi na inapatikana. Inamfaa mzee asiyetaka kushikashika mkono.

5. Masanduku yenye spika ndani

Yaache. Mengi yana katriji ya seramiki inayokandamiza kwa gramu 5 au zaidi hata juu ya LP, na spika zinaitikisa sindano hiyohiyo, ndiyo maana besi ikipanda inaruka. Swichi ya 78 ipo, sindano ya 78 haipo.

Mashine yoyote utakayochagua, ongeza brashi ya nyuzi za kaboni na pete ya kati kwa zile 45 zenye tundu kubwa. Ikinguruma, kwanza funga waya mwembamba wa ardhi kwenye skrubu ya amplifaya. Sindano ibadilishe baada ya saa 300 hadi 500 za kupiga. Za vinili, yaani LP na 45, zinaoshwa kwa mchanganyiko wenye spiriti kidogo, lakini 78 usiziguse na spiriti kabisa, inayeyusha shelaki, kitu ambacho zimetengenezwa nacho: kitambaa laini, maji kidogo yasiyo na chumvi, na lebo ibaki kavu.