Ekzosi mpya kwenye V-Strom 650: nimeenda nayo Iringa na kurudi, haya ndo maoni yangu

Niseme mapema jina la kampuni iliyotengeneza sitalitaja, kwa sababu karibu kila nilichokiona kwenye hii ekzosi utakiona kwenye nyingine yoyote ya aina yake. Ni sailensa ya stenlesi, ya duara, ya kubadilisha kipande cha mwisho tu (sliponi wanavyoita), na ndani ina bafo ya kuchomoa, yani kile kipande cha mdomoni kinachopunguza kelele. Imenitoka laki tisa na ushee ikiwa na usafiri na kodi. Piki ni Suzuki V-Strom 650, injini ya V silinda mbili, na mi naitumia kwa safari ndefu kuliko mizunguko ya mjini.

Kwa nini nilibadilisha? Sababu ya kwanza ni uzito, wala sikufata nguvu. Fundi alipoishusha ile ya kiwandani tukaipima kwenye mzani wa bucha ya jirani, ilikua karibu kilo tano na nusu, na hii mpya haifiki tatu. Sababu ya pili sitawadanganya, nilitaka mlio. Hizi injini za V zikiwa na sailensa ya kiwandani zinalia ka cherehani, alafu ukiipa bomba linalopumua unasikia ule mgurumo mzito wa silinda mbili zisizopiga kwa pamoja. Anayekwambia amefunga sliponi ili apate nguvu za farasi za ziada mwache tu aendelee kuongea, kwenye injini ka hii utapata kidogo sana na ukiwa na mizigo pande zote mbili hata husikii tofauti. Nguvu ya maana inakuja kwenye fulu sistimu, yani unabadili kuanzia bomba zinazotoka kwenye hedi ya injini, na hapo lazima ukaguse na ramani ya mafuta kwenye kompyuta ya injini, gharama nyingine kabisa iyo.

Sasa kuhusu kununua. Kariakoo kuna sailensa kibao zimeandikwa Akrapovič (jina kubwa la ekzosi) kwa stika, bei laki na nusu, muuzaji anakuapia kwa Mungu ni OG. Akrapovič ya kweli inatoka Slovenia, wameanza 1990, na huwezi kuipata mpya kwa hela iyo hata ukilia machozi. Sisemi kopi zote hazifai, kuna jamaa nawajua wanazo na wanaenda nazo Dodoma kila mara, ila angalia vitu vichache. Ingiza kidole kwenye mdomo wa sailensa ukiwa na tochi: ukikuta bomba tupu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, hakuna lile bomba la matundu lililozungushiwa pamba ya nyuzi za kioo, hiyo ni kipaza sauti sio sailensa. Gonga ubavuni kwa kucha, ikilia ting ka kopo ujue ndani hamna kitu. Za Ulaya utakuta imechongwa herufi E ndani ya duara na namba pembeni, E1 ni Ujerumani, E3 Italia, kuonyesha imepimwa na kuruhusiwa barabarani, na mara nyingi hiyo ruhusa inahesabika bafo ikiwa ndani. Ukiitoa umeshatoka kwenye kile kipimo.

Kitu ambacho ningependa kila mtu anayenunua akielewe ni hiki: ekzosi usiichague kwa kupigiwa resi dukani. Pale imesimama, muuzaji anavuta mafuta mara tatu vuuum vuuum, kila mtu anatabasamu, hela inatoka. Lakini wewe hutaendesha ivo. Safarini unakaa gia ya sita, kilomita 100 kwa saa, mshale wa injini uko mizunguko elfu nne na mia tano hivi kwa dakika, na unakaa hapo hapo masaa. Hapo ndo kila ekzosi ina tabia yake. Yangu bafo ikiwa nje ina mvumo mzito kati ya elfu nne na elfu tano, unausikia kifuani kuliko masikioni, yani ni ule mwendo kamili wa Chalinze kwenda Morogoro. Nusu saa ya kwanza raha tupu, nikifika Morogoro kichwa kizito na sina hamu ya kuongea na mtu, hata muuza chai nikamjibu kwa mkato mpaka nikaona aibu. Ukishuka chini ya elfu nne mvumo unapotea, ukipanda elfu tano na nusu unapotea, lakini nani anasafiri na basi nyuma yake kwa mwendo huo ili tu aikimbie sauti ya piki yake.

Nikarudisha bafo pale pale Morogoro. Ni skrubu moja tu chini ya mdomo, alenki (ule ufunguo wa pembe sita) namba nne, ila iwe baridi, nilisubiri mpaka nimalize kula, na ile skrubu ipake grisi ya shaba la sivyo safari ijayo haitoki mpaka uitoboe. Baada ya hapo piki ikawa nyingine. Mlio upo, mzito, ila umekaa nyuma yako hauko kichwani. Kupita Mikumi pale hifadhini, ambapo mwendo wa mchana ni 70 mwisho, twiga wako pembeni wanakula majani yao na hawakuinua hata shingo, na nisingependa kupita pale na bomba wazi. Ile sio barabara ya kujionyesha, tembo akishtuka wewe huna mlango wa kufunga.

Lakini sasa, hata bafo ikiwa ndani, bado nilikua nachoka. Na hapa ndo watu wengi hawataki kusikia. Kelele inayokumaliza ukiwa 100 kwenda juu kwa sehemu kubwa sio ekzosi, ni UPEPO. Ndani ya helmeti kwa mwendo huo upepo unapita desibeli 90 kirahisi, hata helmeti iwe ya bei gani. Wale NIOSH wa Marekani wanaohusika na usalama kazini kikomo chao ni desibeli 85 kwa masaa nane, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatwa nusu, kwa iyo 94 ni lisaa limoja, na 100 ni dakika 15. Dakika kumi na tano! Dar mpaka Iringa ni kama kilomita 500. Ule mlio wa nziii unaousikia usiku gesti umelala sio mbu wa Iringa, ni masikio yanakwambia yameumia.

Dawa yake ni viziba masikio vya sponji, vile vya rangi ya machungwa au njano, maduka ya vifaa vya usalama wanauza buku au chini ya hapo kwa jozi. Ila kuna namna ya kuvivaa, wengi wanakisukuma tu kwa kidole alafu wanasema havifanyi kazi. Kisokote mpaka kiwe chembamba ka njiti ya kiberiti, mkono wa pili upite juu ya kichwa uvute sikio juu na nyuma, kiingize, alafu kishikilie hapo kinapovimba polepole mpaka usikie dunia inafifia. Kikiwa kimekaa sawa huwezi kukiona ukijitazama kwenye sait mira, na helmeti haikichomoi ukiivaa. Boksi linaweza kuandika kwamba vinapunguza desibeli thelathini na kitu, barabarani hupati yote hayo lakini hata nusu yake inatosha kabisa. Na mnaoogopa kwamba hutasikia honi, honi ya basi utaisikia, mi nasikia vizuri zaidi kwa sababu upepo umeondoka katikati. Kuna na vile vya silikoni vyenye kichujio, vinaoshwa na kutumika tena, navyo vizuri, ila mimi masikio yangu vinanibana nikikaa navyo muda mrefu.

Nilijaribu pia kupandisha kioo cha mbele, nikakifunga kwenye matundu ya juu. Mimi ni mrefu, ikawa mbaya zaidi, upepo unavunjikia usawa wa helmeti na kichwa kinatikiswa. Nikarudisha chini, hewa ikawa inapiga kifua na kichwa kikatulia. Mfupi anaweza kupata kinyume chake, jaribu mwenyewe ukiwa na alenki mfukoni.

Kasoro moja ya ufungaji, na hii ni ya gereji (jina lake silitaji): hawakuweka gasketi mpya pale sailensa inapoungana na bomba. Kupanda Kitonga hakuna shida, ila wakati wa kurudi, nashuka na gia bila mafuta, ikawa inapiga pa-pa-pa mpaka dereva wa lori akaniangalia. Kufika Ruaha Mbuyuni kwa wauza vitunguu nikainama, nikakuta masizi meusi yamezunguka kwenye maungio. Hewa inaingia pale, mafuta yaliyobaki yanawakia ndani ya bomba. Gasketi ya grafaiti na kukaza klampu (kile kibano cha bomba) upya baada ya moto wa kwanza, ikaisha. Kamlio kidogo kanabaki ukiachia mafuta ghafla, hako ka kawaida.

Kwa mjini mnaouliza, hapana, hata mjini situmii bila bafo, nina majirani wenye watoto wachanga na natoka saa kumi na moja alfajiri. Wale madogo wanaozima na kuwasha swichi ili ekzosi ipige risasi mi siwaelewi.

Naipa saba kwa kumi bafo ikiwa ndani, nne ikiwa nje. Kama una elfu kumi tu saivi kanunue viziba masikio kwanza, ekzosi utakuja kununua baadae. Ile ya kiwandani iko stoo imefungwa kwenye gunia, msiniulize bei, siuzi.