Nyumba ya wageni Greams Road, Chennai: nyota tatu na nusu, na moja nzima ni ya jiko

Watu wakienda India kwa matibabu mara ya kwanza huulizia hospitali, huulizia daktari, huulizia tiketi, na pa kulala husema tutapata hukohuko. Kupata mtapata. Greams Road ya Chennai na vichochoro vyake, kuzunguka hospitali ya Apollo, nyumba za wageni zimebanana kama maduka ya Kariakoo. Shida ni kwamba kuna nyumba ya kulala na kuna nyumba ya kuuguzia mtu. Kwenye picha za simu huwezi kuzitofautisha, na bei zake zinakaribiana.

Sisi tulikuwa watatu: Mama, aliyekwenda kubadilishwa goti, kaka yangu, na mimi niliyekuwa mpishi, karani na mbeba mafaili. Jina la nyumba silitaji, kwa sababu yaliyonikera pale yapo karibu mtaa mzima, na yaliyonifurahisha utayapata hata kwa jirani ukijua cha kuuliza.

Nianze na jiko. Lisingekuwepo, ningetoa nyota mbili na nusu tu.

Chumba chetu kilikuwa na kona ya kupikia: sinki, friji fupi, na jiko la umeme la kioo, lile lisilopata moto mpaka uliwekee sufuria inayoshika sumaku. Mama alikuwa ameng'ang'ania kuja na sufuria yake ya alumini kutoka Tanga, tena ameifungia ndani ya khanga isikwaruzwe. Juu ya jiko lile haikupasha hata maji ya chai, ikaishia kuwa ya kuoshea mchele. Meneja alituazima mbili za chuma cha pua kwa amana ya rupia 500, akatuandikia na karatasi. Kwa hiyo usibebe vyombo. Beba mwiko, basi, maana wa kusongea ugali kule hutaupata.

Kwa nini nalisema sana jiko? Chakula cha Chennai ni kitamu, nisiwadanganye. Idli, vimkate vya mchele vya mvuke, za moto asubuhi, laini, na sambar, mchuzi wao wa dengu. Dosa, chapati yao nyembamba ya mchele, iliyokunjwa ndefu kuliko sahani. Kahawa ya maziwa inayomiminwa toka juu mpaka inatoa povu. Tunavijua viungo, ni ndugu zetu tangu zamani. Lakini pilipili yao haina huruma, na mtu aliyetoka kwenye upasuaji, tumbo limevurugwa na dawa, baada ya siku chache anataka kitu kimoja tu: uji. Na uji upo. Unga wa ulezi unauzwa kila duka la mtaani kwa jina la ragi, nao wenyewe wanaunywa. Mama alipoonja wa kwanza alinyamaza, akaomba kikombe cha pili, na mimi nikajua tumepona nusu.

Ugali ni kazi kidogo. Pakiti zilizoandikwa "corn flour" si sembe, ni wanga mweupe wa kufanya supu iwe nzito. Mama mmoja kutoka Mwanza, chumba cha juu yetu, alinunua kilo mbili akapata gundi. Mbadala ulio karibu ni rava, ngano iliyosagwa chengachenga. Ukiisonga kwa moto mdogo inashika vizuri, japo ladha ni yake.

Samaki ndiye aliyetupa raha. Nguru wetu kule anaitwa vanjaram, ni ghali kuliko wengine, na muuzaji anamkata vipande vya mviringo mbele yako. Nazi mbichi haina shida kabisa. Nilipika wa kupaka jioni moja, harufu ikatoka mpaka koridoni, na dada mmoja wa Bangladesh wa chumba cha mkabala akabisha hodi na bakuli lake la samaki wa haradali tubadilishane. Mtaa ule umejaa watu wa Bangladesh na Bengali ya Magharibi waliokuja kutibiwa kama sisi, hata mabango ya hoteli yameandikwa kwa lugha yao.

Sasa sikiliza hapa: nyumba nyingi haziruhusu hilo. Ni za mboga tupu. Samaki, nyama, hata yai, marufuku kuingiza ndani. Hawakuambii kwenye simu, unaliona bango ukiwa umeshalipa. Yetu ilikubali samaki na kuku, ng'ombe hapana. Uliza kabla, tena uliza waziwazi: naweza kukaanga samaki chumbani? Jibu likisuasua, endelea mlango unaofuata.

Jambo la pili lililoipandisha nyumba hii ni meneja na makaratasi yake. Mgeni wa nje akifika India, aliyempangisha anatakiwa ndani ya saa 24 kupeleka taarifa zake kwa ofisi ya usajili wa wageni, kwa kile wanachokiita Fomu C. Siku hizi hufanyika mtandaoni. Tuliingia alfajiri, macho mekundu, na kabla hatujapewa ufunguo kijana wa mapokezi alishapiga picha pasi zote tatu, viza zote, na sura zetu zilivyokuwa. Mchana tukapewa nakala. Itunze nakala hiyo pamoja na pasi, inaombwa mahali ambapo hukutegemea. Nyumba inayokuambia "hakuna haja, ingia tu ulale" imekuokolea dakika kumi na inaweza kukugharimu asubuhi nzima ya maelezo baadaye. Na zipo nyumba zinazokataa wageni wa nje kabisa kwa kukwepa kazi hiyo, kwa hiyo usiende na mgonjwa kubahatisha mlango kwa mlango.

Ya viza niyapitie haraka. Viza ya matibabu ya mtandaoni inakupa siku 60 tangu ufike, unaweza kuingia mara tatu, na mgonjwa mmoja anaruhusiwa wasindikizaji wawili wenye viza zao. Pata kwanza barua ya hospitali, ndipo uombe, na uombe kwenye tovuti ya serikali ya India yenyewe, maana zimejaa za kuigiza zinazotoza mara mbili tatu. Majina yafanane na pasi herufi kwa herufi. Sisi wenye majina matatu tunajua usumbufu wake. Na kadi ya homa ya manjano iwe kwenye mkoba wa mkononi, hasa ukipitia Nairobi, Entebbe au Addis Ababa. Chanjo ipigwe siku 10 kabla ya safari, si usiku wa kuamkia safari.

Haya, nyota zilizopotea.

Lifti. Ni ile ya zamani, ya mlango wa vyuma wa kuvuta kwa mkono. Aliyeshuka ghorofa ya nne akisahau kuufunga, lifti haijongei, na wewe uko chini na mtu wa magongo mawili mnapiga kelele "lift! lift!" kwenye ngazi. Kiti cha magurudumu kinaingia kikikunjwa tu, kwa hiyo mgonjwa lazima asimame. Kwa mwenye presha labda si kitu. Kwa goti ni adhabu. Nilidai chumba cha ghorofa ya kwanza tangu siku tuliyofika, nikaambiwa kesho, kesho ikawa wiki.

Bafu lilikuwa safi, maji ya moto yapo, lakini swichi ya hita iko nje ya mlango, nyuma ya kabati. Usiulize tuliigundua vipi. Sakafu yake iko chini kuliko chumba na kuna kizingiti kirefu kama unene wa matofali mawili. Hakuna pa kushika. Ndugu yangu, kama unampeleka mtu wa mguu, nyonga au mgongo, mwambie meneja akutumie picha ya bafu kabla ya picha ya kitanda, na ahakikishe choo ni cha kukaa. Vitanda vyote vinafanana.

Jenereta nalo. Umeme ulikatika mara chache na kila mara lilishika upesi, hilo nawasifu. Ila liko chini ya dirisha la vyumba vya nyuma, na likiwaka hata dua husikii. Mashuka yalibadilishwa tulipoomba, si vinginevyo. Plagi zao ni za miguu ya mviringo, za kwetu za miguu bapa haziingii. Adapta inauzwa dukani kona ya mtaa kwa bei ya soda.

Bei ilikuwa rupia 1,800 kwa siku kwa vitanda vitatu na kiyoyozi. Ipo bei ya wiki na ipo ya mwezi, lakini hazitajwi mpaka uziulize, na ukiziuliza ukiwa umekaa na chai mkononi zinashuka zaidi. Siku yao huhesabiwa saa 24 tangu ulipoingia, jambo zuri kwa ndege zinazotua alfajiri. Nyumba nyingine hukata siku saa sita mchana, ukiingia saa kumi na moja alfajiri umeshapoteza siku moja. Uliza na hilo.

Lipa kwa pesa taslimu na udai risiti kila mara. Wenyeji wanalipa kila kitu kwa kuskani simu, mpaka muuza madafu mwenye mkokoteni, lakini mfumo wao kwa kawaida unataka akaunti ya benki ya kule, wewe mgeni wa mara ya kwanza noti zitakufaa zaidi. Omba ndogo ndogo. Noti ya 500 ndiyo kubwa inayotembea. Ya 2,000 iliondolewa mwaka 2023, mtu akikubadilishia akakupa hiyo mrudishie hapohapo. Madafu yenyewe, kwa njia, kunywa kila siku. Ni masafi, yamefungwa na Mungu, na Mama aliyakubali kuliko maji ya chupa. Maji ya kupikia tuliletewa chumbani kwenye dumu la lita 20. Angalia mfuniko haujafunguliwa kabla mletaji hajaondoka.

Kutoka uwanja wa ndege chukua teksi ya kulipia dirishani: unataja unakokwenda, unalipa, unapewa karatasi, unampa dereva. Wanaokufuata nje na kukushika begi waache wapite. Baadaye, msindikizaji asiye na mgonjwa atumie metro. Kituo cha Thousand Lights kipo karibu, na kutoka uwanja wa ndege hubadilishi treni. Kwa safari fupi kuna bajaji, za njano, mita zinazo lakini dereva akiiwasha ni bahati yako. Ukiita kwa programu ya simu utapewa tarakimu nne za kumtajia dereva kabla hajaondoka. Usimtajie aliye nje ya gari lako. Programu nyingi zinataka namba ya India, na laini ya simu inataka pasi, viza na picha, nayo haifunguki papo hapo. Muda huo intaneti ya nyumba ndiyo uhai wenu. Yetu ilishika vizuri, isipokuwa bafuni, ambako kaka ndiko alikopenda kuongelea na wachumba.

Ijumaa kaka alikwenda mtaa wa Triplicane, kwenye msikiti mkubwa wa Wallajah uliojengwa mwaka 1795, akarudi na biriani ya halali tukala watatu. Kihindi cha kwenye filamu hakikumsaidia huko. Chennai ni Kitamil, na Kiingereza kinatosha. Mkipiga simu nyumbani kumbukeni mko mbele saa mbili na nusu. Na mkiweza kuchagua tarehe, epukeni Oktoba hadi Desemba, ndipo mvua zao zinapomwagika, na Mei, joto linapogusa nyuzi 40. Januari na Februari hata mgonjwa analala bila kiyoyozi.

Nitairudia? Ndiyo. Shangazi anakwenda kutibiwa macho hospitali ya Sankara Nethralaya, si mbali na pale, na nimeshampigia meneja. Chumba cha mbele, ghorofa ya kwanza, sufuria mbili na kikaangio, samaki ruksa. Amesema atanitumia picha ya bafu leo. Bado naisubiri, na amana sijatuma.