Unbowed ya Wangari Maathai: kupe, miche na senti nne

Anayetaka kuelewa kwa nini mtafiti huacha darubini na kuingia barabarani asikimbilie sura za virungu na mahabusu katika kitabu hiki cha mwaka 2006, ambamo Maathai anasimulia maisha yake. Aanze na kupe.

Profesa Maathai, mwenye shahada ya uzamivu ya Chuo Kikuu cha Nairobi (1971), alikuwa akitafiti ndigana kali, ugonjwa wa ng'ombe unaoenezwa na kupe, akikusanya kupe masikioni mwa ng'ombe vijijini nje ya Nairobi. Huko akakuta mito ya rangi ya udongo, ng'ombe mbavu nje, na wenye ng'ombe nao wamekonda. Akahitimisha kwamba ardhi iliyochakaa ni tishio kubwa kwa ufugaji wa Kenya kuliko kupe wenyewe. Kurasa hizo ni chache, nazo ndizo bora kitabuni: uanaharakati wake unaanza kama matokeo ya utafiti ambayo hayakuwa kwenye mpango wa utafiti.

Uzuri mwingine ni kwamba hafichi yaliyoharibika. Envirocare, biashara yake ya kwanza ya miche, ilikufa kwa kukosa fedha na maji. Miti saba iliyopandwa bustani ya Kamukunji, Nairobi, tarehe 5 Juni 1977 ilishangiliwa sana, lakini mingi ilikauka, maana sherehe haina mtu wa kumwagilia. Mafunzo ya maafisa wa misitu nayo yaliwachosha akina mama wa Green Belt Movement, harakati yake ya kupanda miti, kwa utaalamu usiokuwa na kazi kwao. Maathai akawaambia watumie ujuzi wao wa mahindi na maharage: waokote mbegu za miti ya kwao, wazisie kwenye vyungu vilivyovunjika, waviweke juu ambako kuku na mbuzi hawafiki. Malipo yalikuwa kama senti nne za Marekani kwa mche, na ilibidi mche uwe umepandwa ukashika. Sharti hilo moja lilihamisha kazi kutoka kuotesha hadi kutunza, mahali ambapo kampeni nyingi za miti hufia mpaka leo.

Kasoro zipo. Anayetafuta mti gani unafaa udongo gani, nafasi kati ya shimo na shimo, au asilimia ya miche iliyopona, atafunga kitabu na njaa yake. Gesi joto pia hazimshughulishi sana. Hoja zake ni kuni, maji na lishe. Harakati za kuokoa bustani ya Uhuru Park (1989) na msitu wa Karura (1999) jijini Nairobi zimesimuliwa kwa nguvu, ila siasa za uchaguzi kuelekea mwisho zinapita kama ratiba ya mikutano.

Kwa kikundi cha kitalu cha miche, someni utafiti wa kupe na kuanzishwa kwa Green Belt Movement kwanza, kisha mrudi utotoni Nyeri, kwenye mkuyu na kijito kilichokauka ulipokatwa. Kwa mpangilio huo, sababu zake zinaonekana wazi zaidi.