Neti ya kivuli badala ya nailoni: uzoefu wangu na kivungulio cha uani, Malindi

Neti hii nyeusi ya asilimia 50, yaani inayozuia karibu nusu ya jua, imeshapita kusi na kaskazi juu ya banda langu hapa Malindi, na naipendekeza kwa moyo wote kwa yeyote mwenye ua anayetaka kukuza mimea laini. Nasisitiza neti, si karatasi ya nailoni. Vivungulio vya nailoni, yaani nyumba za mimea zinazohifadhi joto, vinafaa Limuru au Kinangop, ambako usiku ni baridi. Adui wetu huku ni joto. Nyanya ikishinda kwenye digrii zaidi ya 35 na usiku nao usipoe, maua hupukutika bila kushika tunda. Ukiifungia ndani ya nailoni mwezi wa Februari, unaipika.

Nguzo zangu ni za mvinje. Huku hazikosekani, bei yake ni ya kuelewana, wala hazipati kutu kama chuma kinavyoliwa na hewa ya bahari. Sehemu inayoingia ardhini fundi aliipaka oili chafu kwa ajili ya mchwa. Paa liko juu ya kimo cha mtu aliyenyoosha mkono, ili joto lipate pa kupandia.

Neti niliyonunua ina upana wa mita 4, kwa hiyo banda nililifanya lipungue kidogo kuliko hapo, paa likatoka kipande kimoja. Mshono ndipo kusi hushikia. Na tafadhali, fundi asipigilie msumari juu ya neti yenyewe! Kata tyubu kuukuu ya baiskeli vipande vipande, kila msumari upite kwanza kwenye kipande cha mpira ndipo uingie kwenye neti. Bila hivyo tundu la msumari huwa mpasuko upepo ukianza.

Ubavuni nimeweka neti nyeupe ya wadudu, yenye matundu madogo sana, na hapo ndipo pesa nyingi zilikokwenda. Sijutii. Nzi weupe ndio wanaoeneza ule ugonjwa wa majani ya nyanya kujikunja na kugeuka manjano, na mmea ukishaupata hauna dawa. Weka milango miwili yenye nafasi ya mtu kusimama katikati, ufungue mmoja baada ya kufunga mwingine. Wachache wanaopenya nawapulizia maji ya mbegu za mwarobaini, zilizotwangwa, zikalowekwa usiku kucha na kuchujwa, pamoja na sabuni kidogo. Napuliza jioni, kwa kuwa jua huidhoofisha dawa hiyo upesi.

Lakini neti inayozuia nzi huzuia na nyuki. Nyanya haina shida, hujichavusha yenyewe. Asubuhi natikisa vishada vya maua basi. Matango ya kawaida yanahitaji nyuki, au uyachavushe kwa mkono ua kwa ua. Mimi nayapanda nje. Mchicha na bamia pia nimewaachia jua lao, wanalipenda. Ndani, pamoja na nyanya, nina letasi, kotmiri, pilipili hoho na miche ya kila aina, ambayo mvua kubwa za Mei zilikuwa zikiilaza chini. Sasa matone hupasukia kwenye neti na kushuka kama manyunyu.

Maji ndiyo yaliyonisumbua kuliko ujenzi. Kisima chetu kina chumvi, na letasi haivumilii: kingo za majani huungua. Nikaweka tangi la kukinga maji ya paa la nyumba, na mashina nayafunika kwa makumbi yaliyokwisha kulowekwa na kusuuzwa, maana nayo huwa na chumvi yake.

Kasoro ya neti? Hushika vumbi na ukungu wa kijani, kivuli kikazidi kipimo, kwa hiyo baada ya masika huoshwa kwa maji na brashi laini. Upande wa magharibi wa paa, unaopigwa na jua la alasiri, nyuzi zimeanza kukakamaa. Muuzaji hakunieleza kuwa kuna neti zilizotiwa kinga ya jua na zisizotiwa, na kwa macho huwezi kuzitofautisha. Ulizeni kabla ya kulipa, na jibu liandikwe kwenye risiti. Neti hiyo ya paa nitaibadilisha kabla ya kaskazi, kwa nyingine ya asilimia 50 ileile, iliyotiwa kinga.