Kununua wanajeshi wa modeli ukiwa Nairobi kama umechoka na Wajerumani

Kama we ni mtu wa modeli hapa Nairobi hii stori unaijua. Unatafuta figa za Vita vya Pili mtandaoni unapata Mjerumani kwa theluji, Mjerumani jangwani, Mjerumani ameketi juu ya tenki anakula, Mjerumani anasukuma pikipiki. Halafu Mmarekani, halafu Mrusi. KAR wetu (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Waafrika wa huku Afrika Mashariki), waliokuwa kwa ile kampeni iliyochukua Mogadishu Februari 1941 na Addis Ababa Aprili 6, kisha wakapelekwa mpaka Burma 1944, hao utawatafuta na tochi. Na si KAR peke yao, jaribu kutafuta askari wa Eritrea aliyekuwa upande wa Waitaliano, ama Mhindi aliyepanda ile milima ya Keren, uone vile utahangaika.

Sasa hii orodha sijaipanga kwa bei wala kwa jina la kampuni, nimeipanga kwa moldi, yaani ile kalibu ya kumiminia figa. Moldi ya chuma ya kutolea plastiki inagharimu pesa nyingi sana kuchongwa, kampuni lazima iuze maboksi kibao ndio pesa irudi, kwa hivyo wanakimbilia kile wana uhakika kitatoka na kile kinatoka ni Mjerumani. Moldi ya mpira ni rahisi kutengeneza. Printa haina moldi kabisa. Ukishajua hiyo hutasumbuka kuuliza mbona Tamiya, ile kampuni kubwa ya modeli ya Japani, hawatoi KAR, unaenda tu kwenye wanaweza kutoa.

Namba moja: figa za metali za 28mm

Hizi ndizo za wacheza vita vya mezani, mtu ana urefu wa kama sentimita tatu hivi. Zinamiminwa kwa moldi ya mpira inayozunguka, metali yenyewe inayeyuka kwa moto mdogo, na hata mtu na mke wake wakiwa na kibanda nyuma ya nyumba wanaweza kuzitoa. Ndio maana mataifa yamejaa huku. Brigade Games wa Marekani wako na Vita vya Kwanza vya Afrika Mashariki, KAR upande huu na Schutztruppe, jeshi la koloni la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck, upande ule, kwa hivyo unaweza kupanga vita vya hapa hapa karibu na Taveta mezani kwako. Foundry wa Uingereza wako na Darkest Africa, hiyo ni ya miaka ya nyuma kidogo, maaskari wa misafara na watu wa bara. Jina lao silipendi lakini kazi ya mikono ni safi.

Ubaya wake ni mbili. Metali ni nzito na posta inalipwa kwa uzito, kwa hivyo usiagize peke yako, tafuteni watu wanne watano mfanye kama chama, mzigo mmoja, mgawane gharama. Pili, figa za 28mm zimechongwa kichwa kikubwa na mikono minene ili zionekane kutoka mbali, ukimweka mmoja kando ya gari la skeli ya 1/35 (yaani dogo mara 35 kuliko la kweli) anakaa mtoto wa shule, na hata kando ya gari la 1/48 watu bado wanabishana. Amua skeli mapema ukae hapo.

Namba mbili: resini ya kuprinti hapa hapa

Kusema ukweli kwa wengine hii ingekuwa namba moja, mi nimeiweka pili juu inategemea sana ni nani amekuprintia. Unanunua faili, unampelekea mtu mwenye printa ya resini hapa mjini, unachagua skeli yoyote, 1/72 ama 1/35, ni ile ile faili tu imevutwa. Hakuna posta, hakuna kungoja mzigo. Na hapa ndio unaweza kupata wale ambao hakuna kampuni ya chuma itawahi kuwafikiria, kwa mfano wapagazi. Vita vya Kwanza huku kwetu wapagazi walikuwa wengi kuliko wenye bunduki, jina la Kariokor limetoka kwao, lakini tafuta boksi la plastiki la wapagazi uniambie. Ukimpata mtu anayejua kuchonga kwa kompyuta mwambie aanzie pale Kenyatta Avenue kwa zile sanamu tatu, kuna mpagazi pale, angalia vile amesimama na vile amevaa. Piga picha kila upande, halafu simu irudi mfukoni haraka maana unajua tauni.

Cha kuuliza kabla hujalipa: ni printa ya resini ama ni ile ya kuyeyusha uzi wa plastiki? Ile ya uzi inaacha mistari, kwa tenki utaipiga msasa ipotee, lakini kwa uso wa mtu wa 1/72 wenye ukubwa wa punje ya mtama hakuna pua itabaki. Uliza pia kama ameosha na kukausha resini vizuri na taa ya UV. Ikifika bado inanata kwa vidole irudishe, resini mbichi ni sumu kwa ngozi, shika na glavu.

Namba tatu: 1/72 za plastiki laini

Kama ndio unaanza, anzia hapa, nimeziweka tatu kwa sababu ya rangi tu. Boksi moja dogo jepesi lina watu arobaini hivi, posta haiumi. HäT na Strelets ndio hutoa mataifa ambayo wakubwa wameyaruka, na Italeri bado wako na Wazulu wa ile moldi ya zamani ya Esci. Shida ni hii plastiki laini inapinda, na ikipinda rangi inabanduka kama ganda. Osha kwanza na maji ya sabuni, acha ikauke kabisa, piga praima inayonyumbulika. Supaglu ya kioski haishiki vizuri hapa kwa hivyo usipange kukata vichwa na kubadilisha, huko ni kujitafutia presha.

Namba nne: 1/35

Najua wengi mtanikasirikia juu hii ndio skeli ya heshima, mtu ana sentimita tano, unaona hadi kifungo cha shati. Lakini ni moldi ya chuma, tunarudi kwa Mjerumani. Afadhali ICM wa Ukraine, wako na seti za Vita vya Kwanza ambazo si za kawaida, Waturuki wako, ANZAC (wanajeshi wa Australia na New Zealand) wa 1915 wako. Hiyo ya ANZAC ndio nataka uiangalie vizuri. KAR kule Burma walivaa kofia ya ukingo mpana kama ya Waaustralia, kwa hivyo unachukua vichwa na kofia pekee. Mikanda ya ANZAC iache, ni ya muundo wa 1908, ya KAR wa Burma ni ile ya muundo wa 1937. Mwili chukua wa Tamiya, wale Waingereza wa jangwani wenye kaptula, hapo umepata askari wa kampeni ya Ethiopia. Ukimtaka wa Burma unahitaji suruali ndefu na rangi ya kijani.

Shida inabaki kwa uso, hivyo vichwa vya ANZAC vimechongwa Mzungu na kupaka kahawia peke yake hakutoshi, ataonekana Mzungu amepakwa masizi. Pua ijaze na pati kidogo, midomo pia, halafu rangi usianze na nyeusi. Mi naanza na rangi ya Vallejo 70.822 (kahawia karibu nyeusi), napandisha kidogo kidogo na 70.984 (kahawia) kwa shavu, daraja la pua na juu ya nyusi, na kwa kivuli ndio naongeza tone la nyeusi. Ngozi yetu inang'aa jua likiipiga, kwa hivyo vanishi ya uso isiwe ile iliyokufa kabisa.

Magari ni rahisi kuliko watu

Huku mambo yanageuka, 1/35 inaongoza, kwa sababu gari moja liliuzwa nchi nyingi na moldi ni ile ile. Panhard AML-90 ya Takom inaweza kuwa ya Ufaransa, Moroko, Chad ama jeshi la Kenya, ni rangi na alama tu. T-72 ndio usiseme, chagua kampuni yoyote, zile serikali ilisema ni zetu ndizo zilizotekwa na maharamia kwa meli ya Faina Septemba 2008, zilikuwa 33, zikafika Mombasa Februari 2009. Pima kabati kwanza, kwa 1/35 pamoja na mtutu ni kama sentimita 27. Ukitaka ya 1940 na 1941 chukua Marmon-Herrington ya IBG, gari la kivita la Afrika Kusini lililopigana kampeni ya hapa. Tunayoililia bado ni Vickers Mk 3, tenki ya jeshi letu, Tamiya hawajawahi kuigusa.

Dekali za bendera, yaani zile picha za kubandika kwa modeli, unaweza kuprinti mwenyewe, lakini printa haina wino mweupe, na bendera yetu iko na ile mistari miwili myeupe. Nunua karatasi ya dekali nyeupe, ile ya kupenya mwanga achana nayo.

Namba tano: vile vijeshi vya kijani vya Kamukunji na madoli ya mitumba ya Toi

Mpe mtoto.

Mambo ya kuagiza

Weka VAT ya 16% na ushuru kwa hesabu kabla hujabonyeza kulipa. Mwambie muuzaji aandike modeli ya plastiki kwa karatasi, usikubali iandikwe tenki peke yake, hutaki kuitwa kuelezea. Gundi nyembamba na rangi za mafuta zinashika moto, wauzaji wengi hawazitumi kwa ndege, kwa hivyo agiza rangi za maji na gundi utafute hapa.